Koki ya Zakayo

Koki isiyodondoka hupasua bomba. Mmeisikia leo msibani, shangazi yenu alipomnong'oneza yule mfiwa aliyekaa macho makavu, nanyi mkaanza kufinyana kama mmesikia fundi akitafuta kazi. Haya, chekeni mmalize. Methali hii ina nyumba yake na ina kaburi lake, na chimbuko lake ni hili.

Huku kwetu Makete, maji ya bomba yalipokuwa bado kitu kigeni, aliishi mtu aitwaye Zakayo Tweve. Alikuwa mbanaji. Simsemi kwa ubaya, maana mgeni hakuondoka kwake na njaa. Lakini kitu kumwagika, thubutu! Uji ukichuruzika pembeni mwa kikombe aliona kama ameibiwa. Walipomzika Obadia, mtoto wao wa pekee, wazee walimwambia, "Jikaze, Zakayo." Akajikaza kwelikweli. Alifukia kaburi, akaenda kulisha ng'ombe. Mkewe, Sekela, alilia peke yake.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, na Sekela aliipenda kupita kiasi. Kuta alizisiriba kwa mikono yake mwenyewe, na chumbani mle ndimo alimomzalia Obadia. Maji yalipofika, wakavuta bomba la chuma mpaka jikoni, likapanda ukutani na koki yake.

Sasa, baridi ya huku mwezi wa sita mnaijua. Umande unaganda, majani ya viazi yanaungua. Nyumba yenye moto jikoni haina neno. Lakini ukiiacha haina mtu wala kaa la moto, maji yanaganda humo humo bombani, na yakiganda yanavimba. Ndiyo maana watu walijifunza mapema kwamba ukisafiri unaiacha koki ikidondoka, tone kwa tone. Maji yanayotembea hayagandi.

Mwezi huo Sekela akaugua tumbo. Likavimba, akawa wa kubebwa, ikabidi apelekwe hospitali Mbeya. Asubuhi ya safari alikaa mlangoni amejifunika blanketi, dada yake Meriana, aliyeishi ng'ambo ya shamba, amemshika bega. Zakayo alikuwa ndani akikaza koki.

"Baba Obadia, iache idondoke," Sekela akasema.

"Idondoke? Maji yamwagike kutwa kucha, na humu hata paka wa kuyanywa hayumo?"

"Shemeji, baridi hii huijui?" Meriana akadakia. "Basi niachie ufunguo. Nitakuwa naingia jioni kuwasha moto."

"Usijisumbue, shemeji. Nimeshafunga kila kitu."

Akaikaza tena koki ile, kisha akaizungushia kipande cha mpira wa baiskeli isije ikatoa hata tone. Akatia kufuli mlangoni, ufunguo akautumbukiza mfukoni. Sekela akaitazama nyumba yake.

"Nirudishe, Baba Obadia. Hata wakishindwa huko, nirudishe nikafie ndani mwangu."

"Nitakurudisha."

Huko Mbeya walishindwa. Daktari alimwita Zakayo pembeni akamweleza, naye akaitikia kwa kichwa, akaenda sokoni. Alirudi na kapu zima la machungwa. Sekela alipoona machungwa yote yale yametoka mkononi mwa mume wake, akajua kwamba anakufa. Alitamani waliongee jambo hilo. Zakayo alimmenyea chungwa moja, akamlisha, akamenya la pili.

Wakapanda gari kurudi. Walipofika, vijana wakambeba Sekela kwenye machela, Zakayo ametangulia na ufunguo mkononi, kichwani akipanga amtandikie vipi na moto auwashe upande gani. Meriana akatoka mbio kuwapokea, mikono kichwani.

"Shemeji, usimlete! Mamaa wee, msimlete kwanza!"

Lakini walikuwa wameshafika. Maji yalikuwa yameganda yakalipasua bomba ndani ya ukuta, na jua lilipowaka yakayeyuka, yakaanza kumwagika. Nani angeingia kuyazuia, na ufunguo uko Mbeya? Yaliyalamba matofali yale mabichi taratibu, hadi Meriana alipoona tope likitoka chini ya mlango. Walipovunja kufuli, ukuta wa chumbani ulikuwa umeshaangukia kitanda. Jikoni kilibaki kipande cha ukuta na koki yake, mpira wa baiskeli uko vilevile, koki haina hata tone.

Sekela aliinua kichwa kwenye machela, akatazama.

"Niliomba idondoke tu," akasema. "Hicho tu, baba."

Alifia kwa Meriana, kwenye kitanda cha watu, kabla ya Jumapili.

Makaburini Zakayo akashika jembe kama zamani. Mzee mmoja akamwambia, "Jikaze, Zakayo." Meriana akaruka, akamnyang'anya jembe lile mbele ya watu wote.

"Ajikaze nini tena? Amekaza koki, nyumba imekwenda! Amejikaza kwa Obadia, dada yangu akamlilia mtoto peke yake miaka yote! Koki isiyodondoka hupasua bomba, shemeji! Hukuliona bomba lako?"

 Zakayo alifumbua kinywa, kifua kikapanda na kushuka, lakini hakuna kilichotoka. Akageuka, akaondoka makaburini kabla kaburi halijajaa.

Meriana akamfuata kwa mbali, roho ikimsuta kwa alivyomsema. Alimkuta jikoni, au palipokuwa jikoni, anahangaika na ule mpira. Akaung'ata kwa meno mpaka ukakatika. Kisha akakinga kiganja, akaifungua koki hadi mwisho.

Haikutoa kitu. Ingetoa nini, na bomba limeshapasuka? Alisimama pale amekinga kiganja, Meriana akimwita shemeji, shemeji, naye asigeuke. Nyumba ile hakuijenga tena. Miaka yote iliyobaki aliishi kwa nduguye, na hakuna aliyewahi kumwona akilia, ingawa wanasema alijaribu.

Basi nyanyukeni, mwende mkakae na yule mfiwa. Asiwepo wa kumwambia ajikaze. Akidondosha chozi, mwacheni lidondoke, na mmshukuru Mungu, maana koki isiyodondoka hupasua bomba.