Jina Lililogeuka Unga

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko na milango, na kila mlango ulikuwa na mwenyewe, aliishi Pimbi juu ya Majabali Saba. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini macho yake hayakupitwa na jambo. Kazi yake ilikuwa moja tu: unga wa muhogo.

Mnaujua muhogo mchungu? Ule ambao ukiutafuna hivihivi kichwa kinazunguka, tumbo linapiga fundo, na nyota unaziona mchana? Basi huo ndio aliofanyia kazi Pimbi. Aliumenya, akautia majini, chubwi! Siku ya kwanza, acha. Siku ya pili, acha. Siku ya tatu ndipo alipoutoa, umelegea, sumu imekwenda na maji. Akauanika jabalini mpaka ukawa makopa makavu, kau, kau! Kisha kinuni, tu! tu! tu! Unga ukatoka mweupe kama pamba.

Siku tatu. Si mbili na nusu. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, marehemu Namwelu. Na jina la bibi huyo ndilo aliloliandika kwa masizi juu ya kila kiroba: NAMWELU. Chini ya jina akapiga chapa ya unyayo wake wenye vidole vinne, pwa! Pembeni akachora kistari kimoja.

Kistari kilikuwa na maana yake gulioni. Kilisema, "Hili nalidai." Kila muuzaji aliruhusiwa kukichora. Lakini ilikuwapo alama nyingine, duara, na duara halikuchorwa ovyo. Duara lilisema, "Hili limeandikwa." Maana yake mwenyewe amekwenda kwa Karani Kakakuona, na Karani amelitia jina lake katika Daftari la Chapa.

"Mama Sikudhani," Digidigi alimwambia kila siku ya gulio, akimwita kwa jina la bintiye, "nenda ukaandikishe. Kistari ni kamba ya mgomba, mwenzangu. Duara ni mnyororo."

"Jina la marehemu halipelekwi kwa wageni," Pimbi alijibu. "Kwetu humngoja mjukuu, likaitwa jabalini. Sikudhani wangu ana mimba. Akijifungua mtoto wa kike, bibi amerudi."

"Kwenye viroba unaliandika, kwenye daftari ni mwiko?"

"Kiroba ni mkono wangu. Daftari ni mkono wa nani?"

Digidigi akacheka, akanunua viroba viwili, akaenda zake. Naye Pimbi akadhani amejibu vizuri.

Chini ya majabali aliishi Ngiri, mwenye meno kama majembe na shamba lisilo mwisho. Aling'oa muhogo, ng'wa! ng'wa!, akauloweka asubuhi, na kabla jua halijageuka alikwisha kuutoa. "Siku tatu za nini?" alisema. "Mimi nangoja muhogo, au muhogo unaningoja mimi?" Unga wake ulikaa gulioni mpaka ukaota ukungu. Hakuna aliyeununua.

Siku moja Pimbi akafika gulioni, akakuta kilima cha viroba. Kila kiroba kimeandikwa NAMWELU. Na kulizunguka jina, duara, jeusi, nene.

"Bwana Ngiri! Jina hilo umelitoa wapi?"

"Nimeliokota," Ngiri akasema, huku akijikuna. "Lilikuwa limelala nje, halina ua, halina mlango. Nikaliingiza ndani."

"Ni jina la bibi yangu!"

"Lilikuwa. Sasa ni langu. Na wewe kamama, ukiliandika tena hata kwenye kigae, utanikuta." Akainamisha meno yake, akampindulia kapu. Pu! Unga wa siku tatu ukaenda na upepo.

Pimbi akakimbia kwa Karani Kakakuona, pumzi juu juu.

"Karani, jina limeibwa!"

Karani alipoona jambo ni la moto, akajikunja, viringi! Akawa mpira wa magamba. Sauti ikatokea ndani. "Nani aliandikisha?"

"Ngiri, lakini..."

"Basi lakini haimo daftarini."

"Miaka yote nimechora kistari!"

"Kistari kinadai, duara linathibitisha. Aliyedai alilala, aliyethibitisha aliamka."

"Na duara likiisha kuandikwa halifutiki?"

Mpira ukasema, "Linafutika kwa jambo moja. Duara hufunga jina la kitu cha mtu. Halifungi maji, halifungi chumvi, halifungi unga. Jina likishakuwa la kitu cha wote, duara limefunga hewa. Sasa nenda, mama. Nina kazi nyingi."

Pimbi akarudi, maneno yale yakimkwaruza kifuani. Hakuyatumia. Bado alikuwa na tumaini kwamba Ngiri ataona haya.

Lakini haya hukaa usoni, na uso wa Ngiri ulikuwa na nafasi ya chunjua tu.

Wiki haikuisha. Pimbi alikuwa akigeuza makopa jabalini aliposikia hatua za mbio. Alikuwa Digidigi, mwanawe mgongoni, kichwa cha mtoto kikining'inia. Akabwaga kiroba mlangoni, pu!

"Namwelu yako imeniangushia mtoto! Namwelu yako! Nilikuamini, Mama Sikudhani!"

"Dada, tazama chapa. Unyayo wangu uko wapi hapo?"

"Nitazame unyayo? Nilitazama jina!"

Wakamtapisha mtoto, wakamfunika, wakakaa naye mpaka jioni. Akapona. Lakini siku zilizofuata Pimbi alisikia maneno yakipanda kutoka bondeni: "Namwelu imenipiga kizunguzungu." "Namwelu ni sumu." "Alaaniwe huyo Namwelu." Kila neno lilikuwa jiwe juu ya kaburi la bibi.

Akamketisha bintiye, ambaye tumbo ndiyo kwanza lilikuwa linaonekana.

"Sikudhani, naweza kumnyang'anya Ngiri lile jina."

"Basi mnyang'anye, mama!"

"Nikimnyang'anya halitarudi kwetu. Nitakuwa nimelivunja kama chungu, kila mtu aokote kigae chake."

Sikudhani akashika tumbo. "Na huyu ataitwa nani?"

Pimbi akatazama bonde. "Nichagulie, mwanangu. Jina libaki zima mikononi mwa anayelitia sumu, au life likiwa safi?"

Na Pimbi akavaa kanga yake ya heshima, akashuka.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba, kamama. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kuomba kazi. Wewe una duara, mimi nina ulimi. Nikutangazie jina lako."

Ngiri akacheka mpaka matope yakamdondoka. "Linajitangaza lenyewe. Liko kwenye kila kiroba!"

"Kwenye viroba, ndiyo. Kwenye vinywa je? Mwenye kusaga mtama anasema nini? Anasema unga. Mwenye kusaga ulezi? Unga. Unga, unga, kana kwamba wewe hupo! Lingekuwa langu, ningetaka kila asagaye anitaje."

Ngiri akaacha kucheka. Masikio yakasimama, tii. "Hata wa mahindi?"

"Hata wa mahindi."

"Hata wasionunua kwangu?"

"Hao ndio hasa, bwana! Watakula vyao, watataja chako. Huo ndio ukubwa."

"Kamama!" Ngiri akapiga kwato chini. "Kumbe ndiyo maana hukurefuka, mwili wote umekwenda kichwani! Anza leo."

Basi Pimbi akatunga wimbo. Akauanzisha katikati ya gulio, watoto wakaitikia, makofi yakilia pa! pa!

*Wa mtama tuuiteje? Namwelu!*
*Wa ulezi tuuiteje? Namwelu!*
*Wa mahindi tuuiteje? Namwelu!*
*Na wa kwako tuuiteje? Namwelu!*

Ulikuwa mwepesi mdomoni. Ukapanda vilima, ukashuka mito, ukaingia majikoni. Naye Ngiri akautilia nguvu. Akazunguka gulio zima, meno mbele. "Nani amesema unga? Wewe? Sema namwelu, au nikupindulie kikapu!" Wakasema. Kwanza kwa hofu, kisha kwa mazoea. Mazoea, wanangu, hayana kelele, lakini hayatoki.

Msimu wa mvua ukapita. Ukiingia jiko lolote uliwasikia: "Mama, namwelu imekwisha." "Kaazime namwelu kwa jirani." "Leo tuna namwelu ya mtama au ya ulezi?" Pimbi alipita akisikiliza. Kila walipolitaja, bibi yake alikuwa mbali zaidi. Mara moja aliimba wimbo ule peke yake kinuni, akakatiza katikati, akakaa chini.

Ilipofika siku aliyoitaka, akabeba viroba vyake vitatu mpaka gulioni. Juu yavyo ameandika namwelu. Hakuchora kistari. Chini, unyayo tu.

"Mwizi!" Ngiri akanguruma. Akamkamata shingoni, akamburura mpaka kwa Karani, soko zima nyuma yao.

"Karani! Fungua daftari! Jina langu, duara langu, na huyu kibuyu cha nywele ameliandika!"

Karani akaona umati, akaona meno, akaanza kujikunja. Lakini Digidigi alikwisha kumshika gamba la shingo. "Leo hujikunji, mzee. Leo utasikia kwa masikio yako."

"Karani," Pimbi akasema, akaweka chini bakuli tatu za unga kutoka gulioni. "Sina shahidi. Shahidi wangu ni Bwana Ngiri mwenyewe. Bwana, hiki cha kwanza ni nini?"

Ngiri akavimba kifua. Aliipenda hii. "Namwelu ya mtama!"

"Nani amesaga?"

"Nani mwingine? Si yule Nguchiro muuza mtama, amesaga kwake."

"Na hiki?"

"Namwelu ya ulezi. Ina mchanga, ptu! Mtu asiyejua kupepeta."

"Si wewe?"

"Mimi nisage ulezi? Nina wazimu?"

"Na hiki cha tatu?"

Ngiri akanusa. "Namwelu ya muhogo."

"Yangu au yako?"

"Nitajuaje?" Ngiri akafoka. "Namwelu ni namwelu tu!"

Digidigi akapiga kigelegele, na gulio zima likapasuka: "Namwelu ni namwelu tu! Amesema mwenyewe!"

Karani akashusha pumzi. "Duara halifungi maji. Halifungi chumvi. Halifungi unga." Akachovya kidole katika majivu yenye maji, akafuta. Fyaa! Duara la Ngiri likatoka daftarini, likabaki doa.

"Lirudisheni!" Ngiri alilia. "Mimi ndiye niliyewafundisha kusema!"

"Ndiyo, bwana," Pimbi akasema. "Umefundisha vizuri."

Wakambeba Pimbi juu juu. Jua halijafika utosini, wauzaji kumi walikuwa wameandika namwelu kwenye viroba vyao, na Ngiri wa kumi na moja. Sasa jina halikumwambia mtu kitu. Akina mama wakaanza kuuliza, "Namwelu ya nani?" na kugeuza kiroba kutafuta unyayo. Pimbi akayasikia hayo, akaomba ashushwe, akamrudia Karani.

"Niandikie unyayo wangu. Na duara."

"Na jina?"

"Unyayo tu."

"Chapa bila jina, mama? Si utaongeza?"

"Jina nilikuwa nalo. Piga duara, Karani."

Siku ile ile Sikudhani akajifungua. Mtoto wa kike.

Kwao akina Pimbi, mtoto hupewa jina siku ya saba. Ndugu husimama jabalini, shangazi humwinua mtoto kuelekea bonde, na huliita jina la marehemu kwa sauti mara moja. Mwangwi ukilirudisha, mtoto amelipokea. Shangazi alikuwa ametoka mbali, hakujua habari za gulio. Akajaza kifua hewa.

"Namweluuu!"

Haukurudi mwangwi. Chini bondeni watoto walikuwa wakicheza. Mmoja akainua uso, akajibu kwa adabu kabisa:

"Ya mtama au ya muhogo?"

Na wenzake, kwi kwi kwi! Hawakuwa na ubaya. Watoto hawakumjua bibi yeyote. Walijua unga.

Sikudhani akamziba mtoto masikio. Shangazi akageuka, mikono ingali juu. "Imekuwaje? Mbona wanamcheka bibi?"

Pimbi akampokea mjukuu. Akamtazama, vidole vinne, vidogo kama punje. Akatafuta jina asilolijua mtu bondeni, kisha akatafuta kitu ambacho bibi alimwachia na ambacho hakikuchukuliwa.

"Mwite Tatu," akasema. "Siku tatu za maji. Na msimwite kwa sauti."

Mkitaka namwelu leo mtaipata kila duka. Mkimtaka Namwelu, hayupo. Mimi nimetua mzigo, na funzo lake hili mlibebe nyinyi: chako usipokijengea ua mapema, siku ya kukiokoa utakiokoa kwa kukichoma moto.