Kiboko na Mwendo wa Bibi Harusi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Gari lipo?"

"Lipo!"

"Dereva je?"

"Anakula!"

Basi sogeeni, msikae njiani. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na magari na sisi tukienda kwa miguu, aliishi Digidigi. Mwili mdogo, masikio hayatulii, pua haitulii, moyo hautulii. Siku moja akawa anavuka barabara na mzigo wa majani kichwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena kushoto. Akakanyaga lami. Vuuuuu! Puu!

Alipozinduka yuko mtaroni, mguu wa nyuma umevunjika. Kando yake gari limejaa matikiti, na ndani ya gari yumo Kiboko, mdomo umejaa, bado anatafuna. Kwachu, kwachu!

Kesi ikaenda barazani. Wazee kumi na wawili wakaketi, wakasikiliza, wakanong'onezana, wakaamua: "Huu ni uzembe. Kiboko, ule ukingo wako wa mto, wenye majani mabichi, utakuwa wa Digidigi kwa masika matatu."

Maana malisho mengine yako nyuma ya kilima, na huko Fisi hakosi. Anayechechemea akienda harudi. Ukingo ule ndio uhai wa Digidigi.

Kiboko akafura. "Mguu wenyewe mwembamba kama kijiti cha kiberiti! Ukingo mzima kwa kijiti? Wazee wamemwonea huruma tu. Sikubali! Nakata rufaa!"

Looo! Toka siku ile Digidigi hakula akashiba. Akae, asimame. Ajilaze, ainuke. Ang'ate jani, aliteme. "Wakininyang'anya nitakula nini mimi? Nitamkimbiaje Fisi kwa miguu mitatu?"

Siku ya rufaa ikafika. Kiboko akaja na gari lake, akalizungusha uwanjani mara mbili bila sababu, vuuum! vuuum! ili kila mtu asikie. Digidigi akaruka, akatua, akatazama. Akamwona Kiboko anavyotabasamu kila watu wanapogeuka kumwangalia.

Jaji alikuwa Twiga, kwa sababu kesi ya juu inataka shingo ya kufika huko. Na rufaa ya wanyama ilikuwa na mila yake. Shahidi mpya haletwi. Yote yaliyosemwa barazani alikuwa nayo Kasuku, anayarudia neno kwa neno, sauti kwa sauti. Kila upande unaruhusiwa kumrudisha Kasuku mara tatu, basi. Na mkata rufaa akisema leo kinyume cha aliyoyasema barazani, rufaa yake imekufa palepale.

Kiboko akasema ya kijiti. Akayasema vizuri, mshenzi yule. Twiga akaitikia kwa kichwa kule juu. "Hm. Kweli, mguu ni mwembamba. Labda wazee walizidisha."

Moyo wa Digidigi, du! du! du! Akasimama, akakaa, akasimama.

"Mheshimiwa, naomba Kasuku arudie aliyosema Bwana Kiboko juu ya mwendo wa gari."

Kasuku akakoroma kwa sauti nzito: "Nilikuwa naenda pole pole, pole pole, mwendo wa bibi harusi."

Mmoja huko nyuma akacheka. Kiboko akajikuna shingo.

"Arudie, Mheshimiwa."

"Pole pole, pole pole, mwendo wa bibi harusi."

"Bibi harusi huyo!" wakapiga kelele Ngedere. "Mpigieni vigelegele! Lilililili!" Uwanja mzima ukacheka. Kiboko sikio likaanza kumcheza, lakini akajikaza.

Imebaki mara moja. Digidigi anatetemeka miguu yote mitatu, masikio huku na huku.

"Mara ya mwisho, Mheshimiwa. Mimi mwendo siuzungumzii, mimi nilisikia puu tu. Ila Kobe anasema siku ile alimpita Kiboko, akafika sokoni, akanunua chumvi, akarudi, akamkuta bado anakuja."

"Kobe si shahidi hapa," akasema Twiga.

"Si shahidi, Mheshimiwa. Ni umbea tu. Kasuku, rudia, mwanangu."

"Pole pole, pole pole, mwendo wa bi..."

"Nyamaza!" Kiboko akasimama, benchi likaanguka nyuma yake, gubu! "Kobe gani? Mimi nipitwe na Kobe? Siku ile gari lilikuwa linapaa! Vumbi lenyewe lilishindwa kunifuata! Hata breki sikugusa, tikiti lilikuwa halijaisha!"



Twiga akaishusha shingo, na ikachukua muda kufika chini. "Bwana Kiboko, barazani ulikwenda pole pole. Leo unapaa. Tuchukue lipi?"

Kiboko akafungua kinywa, kile kinywa chote mnachokijua. Akakifunga tena.

"Rufaa imekufa," akasema Twiga. "Ukingo ni wa Digidigi. Na kwa kuwa breki hazikuguswa, masika matatu yawe saba."

Digidigi akachechemea mpaka ukingoni, akala. Akala, akageuka, akasikiliza. Akala, akageuka, akasikiliza. Lakini siku ile alishiba, alhamdulillahi.

Hadithi yangu imekoma. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao, asiyeipenda akate rufaa.

Fundisho? Lipo, mbona mna haraka! Wanangu, semeni kweli daima, kwani msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mtazameni Kiboko. Maishani mwake alisema kweli mara moja tu, tena mbele ya jaji. Majani hakupata, lakini kupendwa alipendwa.