Sakafu ya Gari la Ndugu

Mwokaji mikate hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alipotaka kununua gari kuukuu la kusambazia mikate yake, alianza kwa kujifunza namna ya kulikagua. Fundi wa gereji iliyopakana na tanuri lake alimwonya, "Gari la zamani usilitazame usoni, mama. Litazame tumboni. Rangi hupakwa kwa siku moja, lakini kutu hula taratibu kama mchwa."

Basi kila alikokwenda alibeba tochi na bisibisi. Alitandika gunia, akalala chali uvunguni mwa gari, akagonga vyuma na kusikiliza mlio wake. Aliinua mazulia akinusa unyevu. Magari yaliyong'aa kama kioo aliyakataa papo hapo, wenyewe wakabaki wamenuna.

Kisha mdogo wake akaja na gari lake. Watu walimwita Msafi, kwa jinsi alivyopenda mashati yaliyonyooka. Mwokaji alipoinama achungulie chini, Msafi alimshika bega.

"Dada, hata mimi? Tumenyonya ziwa moja, leo unanikagua kama mwizi?"

Mwokaji aliona haya. Alimulika mara moja tu, akaona lami nyeusi imepakwa chini kote.

"Mbona lami hii ni mpya?"

"Nimelikinga na maji kwa ajili yako."

Jibu hilo lilimwingia kama asali. Akarudisha bisibisi mfukoni, akatoa akiba yake yote.

Masika yalipoanza, alimpakia mama yao kiti cha nyuma ampeleke kliniki. Gari lilipotumbukia kwenye shimo, kulisikika mpasuko kama wa nguo inayochanwa, kisha yowe la mama. Sakafu ilikuwa imefunguka chini ya miguu yake. Kabla gari halijasimama, mguu wake wa kulia ulikuwa umeburuzwa barabarani. Mfupa ulivunjika, na ngozi ya kisigino ikabaki kwenye kokoto.

Mama alipolazwa, gari lilivutwa hadi gereji. Fundi aliliinua kwa jeki, akakwangua ile lami. Chini yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na magazeti yaliyokunjwa na kubandikwa kwa gundi, yakafunikwa na vipande vya makopo.

"Kutu haijifichi hivi," fundi alisema. "Hii imefichwa na mtu."



Jioni Msafi alifika hospitalini na mfuko wa machungwa. Dada yake alimngoja ayaweke kando ya kitanda, akamwambia, "Twende."

Gerejini alimkabidhi bisibisi. "Choma hapo palipobaki lami."

"Dada, gari kuukuu lina mambo yake..."

"Nimesema choma."

Msafi alichoma kwa ncha za vidole, kama mtu aogopaye kuchafuka. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na magamba ya kutu yakamwagikia shati lake.

"Ulijua?"

"Nilidhani utapakia mikate tu. Sikujua utampandisha mama."

"Na mimi niliyekuwa nikiliendesha?"

Msafi akasogea, akanong'ona kama anayetoa zawadi. "Tulizibe tena, tupake lami. Yupo mtu ninayemjua, hana macho ya magari. Atalinunua, na wewe hutapata hasara."

Mwokaji alimgeukia fundi. "Likate."

"Lote?"

"Lote. Liende kwenye vyuma chakavu. Na huyu asimame hapa aone."

Fundi akawasha moto wa gesi. Msafi alisimama, cheche zikimrukia miguuni, hadi mkono wa dada yake ulipomwonyesha mlango.

Mama alirudi nyumbani akitembelea mkongojo. Msafi alipokuja kuomba radhi, alipiga magoti mlangoni. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Msamaha nimekupa, kwa kuwa nilikuzaa," alisema. "Lakini mgeni angetuletea lile gari, dada yako angelala chini akaliona. Wewe ulitaja ziwa langu, ukapita. Ufunguo wa nyumba hii uache mezani."

Msafi aliuacha, akaondoka bila kuagwa.

Mwokaji alirudia kusukuma mikate kwa toroli lake la zamani, kwenye jua na kwenye tope. Madukani walipomuuliza gari liko wapi, alijibu kwa mkato na kupita, kwa maana hasira ilikuwa bado mbichi. Magari ya wageni aliyaingia uvunguni na tochi, hawakumpata. Aliyempata alitoka tumbo moja naye. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.