Mfupa wa Watasema

Ampendaye mbwa humchagulia mfupa. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia baba yenu maneno hayo, pale baba aliposema atamnunulia kaka yenu pikipiki wakati hata ndevu hajaota, nanyi mkacheka mkidhani ni utani. Si utani, wajukuu zangu. Ni methali, tena ilizaliwa katika ukoo wetu. Sogeeni niwaeleze ilivyoanza.

Mama yangu alikuwa na dada yake mkubwa aliyeitwa Nakijwa. Aliishi Kwakizindo, juu kabisa milimani Upare. Siku hizo karibu kila nyumba ilikuwa na mbwa, lakini mbwa hao walijitafutia wenyewe: leo makombo, kesho jalalani. Nakijwa alikuwa na mmoja tu, dume la rangi ya majivu, kifua kipana, akamwita Watasema.

Na kweli walisema. Siku ya gulio Nakijwa alikwenda kwa mchinjaji akasimama akichambua mifupa kama mtu anayechagua kitenge cha harusi. Mfupa wa paja aliubonyeza kwa ukucha, akaurudisha. "Huu mgumu mno," alisema, "utamvunja meno." Vipande vidogo hakuvitaka, maana mbwa huvimeza vizima vikamkwama. Alitaka goti la ng'ombe, bichi, lenye gegedu, kubwa kuliko kinywa cha mbwa wake. Akifika nyumbani humpa, kisha hukaa naye palepale anapoguguna. Likianza kuwa dogo, humnyang'anya.

"Nakijwa, huyo ni mbwa au bwana harusi?" majirani walimtania.

"Ni mbwa," alijibu, "ndiyo maana hawezi kujichagulia."

Basi mwaka mmoja chui akaingia kijijini. Alibeba mbuzi huku na huku, wala hakuna aliyethubutu kumfuata. Alfajiri moja akaruka ua wa Mzee Mrutu, mtu aliyekuwa na mbuzi wengi kuliko wote pale Kwakizindo. Watasema alikuwa wa kwanza kumsikia. Kabla watu hawajashika mikuki, mbwa yule alikwisha kuingia zizini, akasimama kati ya chui na mbuzi. Alichanwa sikio, akachanwa bega, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Watu walipofika na kelele zao, chui akaruka ua akatokomea. Hakuonekana tena. Na zizini hakupungua hata mwanambuzi.

Mzee Mrutu alilia machozi mbele za watu. Vidonda vya Watasema vilipopona, mzee akachinja beberu lake kubwa, akaalika kijiji kizima. Mimi nilihadithiwa na mama, naye alikuwapo. Alisema ilikuwa sherehe kama ya kumpokea mwana aliyerudi vitani. Nakijwa alikuja amevaa kanga mpya, mbwa wake ubavuni, na watu wakawapisha njia.

Nyama ilipoiva, Mzee Mrutu mwenyewe alibeba ungo uliojaa mbavu za kuchoma, akauweka mbele ya mbwa. Nakijwa akamshika Watasema shingoni.

"Baba, ahsante sana," alisema. "Lakini hizi hapana."

"Hapana?" Mzee akashtuka. "Nimechinja beberu kwa ajili yake, nawe unamnyima mbele ya wageni wangu?"

"Simnyimi, baba. Mfupa ukishapita motoni hukauka. Akiutafuna unapasuka vijiti vyenye ncha. Nipe nyama tupu, atakula. Na kama umebakiza kiungo kibichi, nipe nimpelekee nyumbani."

"Mbwa wangu wote hula mifupa ya kuchoma, tangu enzi za marehemu baba!"

"Na wangapi walizeeka, baba?"

Mzee Mrutu akauinua ungo. Akaondoka nao, uso umemshuka. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alimpenda mbwa yule kwa moyo wote, na zawadi yake ilikuwa imekataliwa hadharani. Kwa hiyo Nakijwa alipoitwa kusaidia kupakua chakula, mzee akamwita Watasema pembeni. "Njoo, mwanamume mwenzangu," akamwambia, akampa ubavu mmoja.

Mbwa akauponda mara mbili, akameza. Papo hapo akaanza kujikwaruza mdomo kwa kucha. Ute ukamtiririka, akakoroma, miguu ikamlegea.

Nakijwa akatupa upawa akaja mbio. "Nani kampa mfupa?"

"Mimi," akasema Mzee Mrutu. Akapiga magoti mavumbini na koti lake la sherehe. "Niambie nishike wapi."

"Shika taya, la juu na la chini, usiachie. Atakuuma."

"Na aume."

Akashika. Nakijwa akaingiza vidole hadi kooni. Mbwa akatapatapa, meno yakazama katika kiganja cha mzee, damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko. Hakuachia. Nakijwa akapapasa, akakipata, akakigeuza taratibu kisichane koo, akakitoa: kipande cha ubavu, kirefu na chenye ncha kama sindano ya kushonea magunia.

Watasema akakohoa, akavuta pumzi. Kisha akasimama. Vigelegele vilipasuka hadi ng'ambo ya bonde.

Wanawake walitaka kumfunga mzee mkono, akawazuia kwanza. Akasimama mbele ya wageni wake wote na damu ikidondoka, akasema: "Ndugu zangu, leo nilidhani hakuna anayempenda mbwa huyu kunishinda. Kumbe mimi nilikuwa nampa tu. Binti huyu ndiye anayempenda. Ampendaye mbwa humchagulia mfupa."

Neno likatoka hapo, likashuka na watu wa gulio hadi tambarare. Watasema aliishi mpaka manyoya ya mdomoni yakawa meupe, na siku anakufa alikuwa na meno yake yote. Watu walikuja kutoka mbali kuomba watoto aliozaa na jike ambalo Nakijwa alimletea baadaye, na kila walipokuja, Mzee Mrutu alikuwa amekwisha kukaa barazani kwa Nakijwa, kana kwamba yeye ndiye mwenye mbwa.

Siku moja bwana mmoja alitoka bondeni, akapewa mtoto mzuri wa mbwa, akampakata. Mzee akamwuliza atampa mifupa gani.

"Yoyote tu, mzee wangu. Mbwa ni mbwa."

Mzee Mrutu akainuka, akamchukua yule mtoto wa mbwa mikononi mwake, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akamvutia mgeni kigoda.

"Kaa, bwana," akamwambia, "Nakijwa akufundishe kwanza. Huku kwetu, ampendaye mbwa humchagulia mfupa."