Wembe wa Makame

Makame Faki, kinyozi, alikuwa na wembe mmoja tu aliorithi kwa baba yake. Asubuhi tajiri Mwinyi Kombo alipokuwa akimwoza bintiye, alimwita amnyoe ndevu zote. Makame alimwomba dawa kidogo ya kusugulia masinia ya shaba, akautakatisha wembe mpaka ukametameta. Tajiri akautamani.

"Kinachong'aa kwa dawa yangu ni changu," alisema.

"Sawa, bwana. Lakini dawa ya masinia hung'arisha tu, hainoi. Niruhusu niunoe, niujaribu shavuni pako, nikukabidhi kitu kamili."

"Noa."

Makame akaunoa kwenye ukanda wa ngozi, akanyoa shavu la kulia likawa laini kama yai. Kisha akamkabidhi tajiri wembe, akaanza kukunja taulo.

"Na huku kushoto?"

"Wembe ni wako, bwana. Nitakunyoa kwa wembe gani?"

Nje, wakwe walikuwa wakipiga hodi. Tajiri akajitazama kwenye sinia, akauinua wembe hadi shavuni, akaushusha upesi.

"Shika wembe wako," alinong'ona.

"Wa nani, bwana? Sikusikia vizuri."

"Wako, Makame. Wako, na kopo la dawa chukua."

Makame akakunjua taulo.