Kwa Nini Samaki wa Mlangoni Husema kwa Mkia

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu. Aliyenipa alikisimulia vizuri. Mimi nina mdomo tu.

Zamani hizo kamba wa mchangani alikuwa na macho makali, na yule samaki mdogo wa madoa, anayelalia tumbo chini kabisa ya bahari kama kaangushwa, alikuwa na sauti. Kamba aliitwa Bi Mashavu. Alichimba shimo mwenyewe, likawa na vyumba. Samaki, Makame, hakujua kuchimba hata pa kutia mkia. Alipopiga hodi, Bi Mashavu alimkaribisha kwa sharti moja: akae mlangoni, na akimwona chewa, yule samaki mkubwa mla wadogo, apige kelele.

Asubuhi moja Bi Mashavu alikuwa ndani akisomba mchanga, wanawe tisa wakicheza nje. Makame alikuwa akimchekesha kaa jirani, akiigiza bibi mwenye nyumba anavyotoka kinyumenyume na mzigo wake. Nyuma ya kaa akamwona chewa anakuja. Alimwona vizuri sana. Ila kichekesho kilikuwa hakijafika mwisho.

Bi Mashavu alipotoka, mchanga ulikuwa mtupu.

"Wanangu wako wapi?"

"Bibi, nilitaka kuita..."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Nilikuwa namalizia tu. Lilibaki neno moja."

"Neno moja! Wanangu tisa, Makame! Na huyo kaa wako alicheka?"

Makame akainama. "Hakucheka, bibi."

Hapo ndipo hasira ilipomshika hasa. Aliupiga mchanga mpaka chumba kimoja kikaporomoka. Kaa alikimbia ubavu ubavu. Bi Mashavu akalia, akalaani, akalia tena, hata macho yakafifia, asiuone mkono wake mwenyewe.

"Kukufukuza ningekufukuza," akasema. "Macho ndiyo sina tena. Utakaa. Lakini mdomo huo nisiusikie maisha; utasema kwa mkia. Na papasi yangu, unywele huu wa kupapasia, haitoki mgongoni mwako, nijue kama unamalizia!"

Na tangu siku hiyo kamba hatoki shimoni bila kumwekea samaki papasi yake ndefu mgongoni. Mkia ukitikisika, wote ndani. Wanaishi pamoja, ila kumsamehe, hajamsamehe.

Mnacheka? Mke wangu hatacheka. Kaniacha hapa nimchungie samaki wake jikoni wasiungue, na moshi huo nauona tangu Makame alipopiga hodi. Nilikuwa namalizia tu.