Ufa wa Mtungi wa Mboni

Paukwa!

Pakawa!

Alikuwapo nani?

Mfinyanzi na bintiye.

Na nani tena?

Na zimwi, njaa yamuuma.

Basi, hapo kale, katika kijiji cha Kidongoni, walikaa wasichana wawili, Mashavu na Mboni. Mashavu alikuwa yatima, akilelewa na bibi yake, Bi Somoe. Mboni alikuwa binti wa Bi Mwanakheri, mfinyanzi. Walikula sahani moja, walisukana nywele, na siri ya huyu ilikuwa siri ya yule. Ndivyo alivyodhani Mashavu.

Kisima chao kilikuwa msituni, na msituni alikaa zimwi. Jina lake Kingugwa. Si Kingugu, kama mnavyopenda kusema. Kingugwa hakuogopa mkuki wala mbwa. Aliogopa sauti ya mtungi mzima. Ukiugonga kwa kokoto ukalia ngiii, yeye huziba masikio akatimua mbio. Kwa hiyo kila mtu wa Kidongoni, akipewa mtungi, huugonga kwanza.

Bi Mwanakheri alizoea kujisifu mbele za watu: "Mwanangu hakosei! Hakosei udongo, hakosei moto, hakosei kamwe!" Watu wakamwita Mboni Asiyekosea.

Siku moja mtungi wa Mashavu ulivunjika. Mboni akamfinyangia mwingine. Mashavu akaupokea kwa furaha, akainama kuokota kokoto.

Mboni akamshika mkono. "Wataka kuugonga? Huniamini, shoga yangu?"

"Nakuamini. Ni desturi tu."

"Desturi ni ya watu baki. Mimi nikupe wewe mtungi mbovu? Mimi?"

Mashavu akaona haya. Akaitupa kokoto, akajitwika mtungi, akaenda zake kisimani. Jua lilikuwa kali.

Alipofika, vichaka vikatikisika. Kingugwa huyo! Nywele kama makuti, meno kama majembe. Mashavu akaokota kokoto, akagonga. Bwe. Akagonga tena. Bwe. Akagonga mara ya tatu. Bwe.

Akaugeuza mtungi. Ufa mwembamba ulipita chini, na ndani ya ufa nta ilikuwa ikiyeyuka kwa jua. Nta haijipaki yenyewe. Mashavu akajua. Akapiga ukelele mmoja, "Mboni!" Kingugwa akammeza mzimamzima.

Tumboni mlikuwa giza, lakini sauti za nje alizisikia. Alisikia watu wa kijiji wakija mbio na mitungi yao.

"Msigonge!" akanguruma Kingugwa. "Mkigonga nitakimbia naye! Niacheni nifaidi. Nyama ya aliyedanganywa ni asali!"

Bi Mwanakheri akasema, "Mtoto huyu kauangusha mtungi njiani. Kazi ya mwanangu haina ufa."

Moyo wa Mashavu ukamchoma. Akangoja sauti ya Mboni.

Bi Somoe akauliza, "Mboni, mtungi ule ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, bibi."

Tumbo likambana Mashavu. "Mtamu!" akasema Kingugwa.

"Mboni, mtungi ule ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, bibi."

Tumbo likambana zaidi, pumzi ikawa haba. "Ongopeni, ongopeni! Kila uongo ni asali!"

Bi Somoe akaelewa. Akamsogelea Mboni, akasema polepole, "Mjukuu wangu, udongo hupasuka tangu enzi za mababu. Sikuulizi ulikosea nini. Nakuuliza, mtungi ule ulikuwa mzima?"

Mashavu hakuwa na pumzi ya kumwita.

"Ulikuwa na ufa," akalia Mboni. "Niliuona. Nikautia nta, nikamzuia asiugonge. Mama alikwishawaita watu waje waone kazi ya Asiyekosea."

Kingugwa akakunja uso. "Shubiri! Shubiri! Shubiri!" Akamtapika Mashavu majanini. Watu wakagonga mitungi yote pamoja, ngiii, na zimwi likakimbia hata leo halijarudi.

Mboni akamwendea shogaye mikono mbele. Mashavu akarudi nyuma.

"Nilikuuliza kwa kokoto," akasema. "Ukanifanya nione haya."

Basi Bi Mwanakheri aliondoka, akaenda nyumbani. Akainama chini ya kitanda chake, akatoa mtungi wenye ufa, na mwingine, na mwingine, akaipanga mlangoni watu wakiona.

"Hii ni yangu," akasema.

Mboni akaitazama. "Na hukuniambia, mama? Miaka yote hii?"



Baadaye Mboni alifinyanga mtungi mpya. Akampelekea Mashavu, pamoja na kokoto aliyoiokota yeye mwenyewe. "Ugonge," akasema. Mashavu akagonga mara tatu. Ngiii, ngiii, ngiii. Akaupokea, akashukuru. Wakaenda kisimani wote wawili, lakini Mashavu alitangulia mbele peke yake.

Na kila mtungi wa Mboni, hadi uzeeni, Mashavu aliugonga.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mlangoni kwa Bi Mwanakheri mitungi yenye ufa ingalipo. Watoto, kukosea si aibu, kila mkono hukosea. Ukikosea, sema mapema. Ufa uliofichwa hummeza rafiki yako kwanza. Nanyi wazazi mnaosikiliza pembeni, msimwite mtoto Asiyekosea.